Jiwe la Haki ya Kula

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na wana wanaonyoa ndevu, na habari hiyo ilifika kila pembe ya Kitale. Kama kuna mtu hakuisikia, basi siku hiyo alikuwa amevuka mpaka wa Suam kununua ndizi Uganda, na hata huko nadhani ilimkuta. Tulisomea kwenye darasa la nasari, magoti yakigusa kidevu, chini ya balbu moja iliyokuwa ikizimika kila tulipofika kwenye hesabu. Watu walituita gumbaru, jina wanalopewa wakubwa wanaoenda shule, nasi tukaitika. Mimi nilikipenda Kiswahili kuliko yote. Nilizimeza ngeli za nomino mpaka mume wangu akawa anafikiria mara mbili kabla ya kuniomba chumvi, asije akarekebishwa.

Kwa hivyo kikundi chetu cha akina mama kilipoamua kusimamisha jiwe la kumbukumbu, hapakuwa na uchaguzi. Maneno ya jiwe yangetungwa na gumbaru.

Huu ulikuwa ule mwaka baada ya serikali kubadilika, watu wakiwa na matumaini ya kumwaga. Kila mtu alikuwa anaanzisha kitu. Wanaume walianzisha kamati. Sisi tukasema tutaweka jiwe la wanawake waliopigania uhuru na usawa, kwa sababu kila sikukuu ya kitaifa tulisikia habari za mababu tu, utadhani mababu hao walizaana wenyewe kwa wenyewe. Nusu ya kikundi walikuwa wa familia zilizohamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, na nusu tulikuwa watu wa Bungoma. Wengi tulikuwa wauza mahindi, na mahindi hayaulizi kabila.

Mwenyekiti wetu alikuwa mmoja wa hao wa Mkoa wa Kati, mama mnene mwenye duka la mbolea na sauti ya kuuzia mbolea. Mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Shosho, yaani nyanya kwa lugha yao, ndiye aliyetupa wazo la jiwe bila kujua. Alipokuwa msichana alikuwa akipeleka chakula kwa wapiganaji wa uhuru msituni, amekifunga mgongoni chini ya kuni, akipita mbele ya askari wenye bunduki. Alisimulia hayo akisuka kiondo kwenye baraza la duka, kwa sauti ya mtu anayeeleza alivyoenda kusaga unga posho mill.

Tulikubaliana mapema kwamba jiwe halitakuwa na jina la mtu. Tulikuwa tumejaribu majina, na mkutano huo nusura utuletee vita vya tatu vya dunia. Kila mwanamke alikuwa na nyanya aliyemfukuza mzungu peke yake kwa mwiko. Basi nikatunga: KWA WANAWAKE WALIOPIGANIA UHURU, USAWA NA HAKI YA KURA. Nilipoyasoma, mama mmoja alifuta machozi. Ilisemekana ni mafua, lakini mimi namjua.

Badala ya majina, tukasema kila mwanachama alete mwanamke mmoja mzee wa kwao, aketishwe kwenye viti vya mbele siku ya kuzindua. Mimi sikufikiria mara mbili. Nilimtaka Senge.

Senge ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Wakati huo alikuwa mjane na alikuwa akilima vitunguu nje kidogo ya mji wa Bungoma. Kuna jambo lake ambalo familia yetu ilikuwa ikilikalia kama kuku anayeatamia. Tangu utoto niliona: kuku akiletwa mezani na Senge yupo, mtu atakohoa, mwingine atatazama dari, na baba ataanza kuzungumza juu ya mvua. Niliwahi kuuliza ni nini. Nikatumwa kuleta maji ambayo hakuna aliyekuwa na kiu nayo. Nikauliza tena mwaka uliofuata, nikatumwa kuni.

Nilimpigia kwa simu ya jirani yake.

"Senge, tunataka ukae kwenye kiti cha mbele."

"Kama nani?"

"Kama mwanamke aliyepigania usawa."

"Mimi sikupigana na mtu, mwana. Huyo shosho wenu uliyenisimulia alibeba chakula mbele ya bunduki. Nikikaa kando yake na aniulize mimi nilifanya nini, nitamjibu aje? Niambie, nitamjibu aje?"

"Utamjibu ukweli."

"Ukweli wangu ni wa kuchekesha watu," akasema, na akamrudishia jirani simu yake.

Niliudhika. Viti vilikuwa vimeshapangwa kichwani mwangu, na kimoja kilikuwa kitupu. Zaidi ya hapo, sasa nilikuwa nawashwa. Ukweli gani huo wa kuchekesha watu?

Wakati huo jiwe lilikuwa likichongwa Bungoma, kwa fundi mmoja wa mawe ya makaburi aliyesifika kwa herufi zake. Mimi nilitaka tumpelekee maneno yameandikwa. Lakini Mama Mwenyekiti alikuwa amenunua simu ya mkononi, na simu mpya ni kama mtoto mchanga, lazima ibebwe ionekane. Alisimama mbele ya duka lake akamsomea fundi maneno yote, kwa sauti ambayo Bungoma wangeisikia hata bila simu. Akakata. "Ameandika yote," akatuambia. "Ni mtu mwerevu."

Siku chache kabla ya uzinduzi nikatumwa kukagua kazi. Fundi alikuwa na kibanda kando ya barabara, kimezungukwa na misalaba isiyo na wenyewe. Aliondoa gunia kwenye jiwe letu kama mtu anayefunua sufuria ya pilau. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Kijivu, limenyooka, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Nikasoma kwa sauti, nikiyafurahia maneno yangu, UHURU, USAWA, mpaka nikafika mwisho.

"Fundi. Hapa umeandika nini?"

"Haki ya kula."

"Uliambiwa kura."

"Niliambiwa kura, ndio." Alifuta vumbi kwenye tindo yake, hana wasiwasi hata kidogo. "Lakini si huyo mama ni wa kutoka Mkoa wa Kati? Hao L hawana, madam. Akitaka kulala anasema kurara. Akitaka kula anasema kura. Mimi nikaona asiaibike mbele ya watu. Nikamlekebishia."

Nililazimika kuegemea msalaba. Mtu anayesema *nikamlekebishia* alikuwa amerekebisha R ya mtu mwingine. Katika masomo yangu yote ya jioni sikuwahi kufundishwa dawa ya jambo kama hilo. Mama Mwenyekiti husema kura akimaanisha kula, na husema kura akimaanisha kura. Hiyo mara moja aliyokuwa amesema sawasawa, ndipo akapata mtu wa kumsaidia.

"Na wewe hukushangaa?" nikamuuliza. "Wanawake kupigania haki ya kula?"

Sasa yeye ndiye aliyenishangaa. "Kushangaa nini? Wewe si wa huku? Mama yangu amechinja kuku, amenyonyoa, amepika, miaka na miaka. Hakuonja hata mchuzi mpaka sisi watoto wake tukaota ndevu. Mwanamke kula kuku ilikuwa mwiko, si unajua. Nilipoandika hiyo neno nikasema, basi, leo kuna mtu amekumbuka. Hiyo L nimechonga na roho yangu yote."

Nilimwambia asiguse kitu mpaka nirudi. Nikatoka pale kichwa kikizunguka, si kwa sababu ya jiwe, bali kwa sababu ya kuku. Kuku, kikohozi, mvua ya baba, maji yasiyo na kiu. Nilielekea kwa Senge kwa mwendo ambao ungemwacha mwanariadha wa Eldoret akiuliza njia.

Nilimkuta jikoni akichambua maharagwe kwenye uteo. Aliniwekea kigoda. Nikajifanya mtulivu.

"Senge, fundi ameharibu jiwe letu."

"Limevunjika?"

"Halijavunjika. Ameandika kwamba wanawake walipigania haki ya kula."

Mkono wake ukasimama juu ya maharagwe. "Sema tena."

Nikasema tena.

"Nani amemwambia?"

"Amemwambia nini?"

"Mambo yangu. Ni baba yako?"

Ilinichukua muda kumwelewa. Senge alidhani fundi wa makaburi, mtu asiyemjua kabisa, amechonga maisha yake kwenye jiwe ili Kitale nzima isome. Nilipomweleza habari ya simu na L na R, mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka, cheko la kimyakimya linalomwaga maharagwe. Alipotulia, akaweka uteo kando, na jambo lililonitumisha maji na kuni utoto wangu wote likatoka lenyewe, bila kusukumwa.

"Nilikuwa nimeolewa msimu mmoja tu. Baba mkwe akapata wageni. Nikachinja jogoo, nikanyonyoa, nikapika, nikaipua. Sasa firigisi unajua ni ya nani."

"Ya mwenye boma."

"Ya mwenye boma. Nikaiangalia hiyo firigisi. Mimi ndiye nimeipasua. Mimi ndiye nimetoa mchanga ndani. Tuliambiwa mwanamke akikula kuku, mtoto wake atazaliwa akikoroma kifuani. Nikamuuliza mama mkwe, nani aliona huyo mtoto? Akaniambia, usiulize. Sasa wewe unajua mtu akiniambia nisiulize."

Nilijua. Kumbe ugonjwa huo niliurithi.

"Basi nikaikula."

"Kwa siri?"

"Siri ya nini? Nilikaa pale mlangoni. Wao walikuwa wamekaa uani, wananiangalia. Nikatafuna mpaka ikaisha."

Firigisi si nyama ya kumeza haraka, mnajua. Kwa jinsi ninavyomjua Senge, aliitafuna kwa muda ambao mtu angelima ekari moja na kupumzika. Hakuna aliyepiga kelele, akaniambia. Baba mkwe aliweka fimbo yake chini, akasema huyu arudishwe kwao. Ikabidi baba yangu, akiwa kijana bado, avute kondoo wa kuomba msamaha mpaka huko. Kondoo alipokelewa, lakini wakasema Senge naye aje mwenyewe akiri amekosa. Akakataa. "Sikuiba. Nilipika." Akakaa kwao msimu baada ya msimu, na wachumba wa dada zake wadogo wakawa wanaulizana, hilo si ni lile boma ambalo wanawake wanakula firigisi? Wadogo wake walichelewa kuolewa. Ndiyo maana ya kile kikohozi. Ndiyo maana baba aliipenda sana mvua.

"Sasa ulirudi aje?"

"Mama mkwe alikuja. Peke yake, na kikapu. Nikasema huyu amekuja kunitukana kwetu. Akakaa, akakunywa uji, akauliza juu ya mihogo. Halafu akasogea hivi, akaniuliza polepole." Senge mwenyewe akasogea, akashusha sauti. "'Hiyo kitu. Iko aje?'"

"Firigisi?"

"Firigisi. Mama mzee, amepika kuku tangu mimi sijazaliwa, ananiuliza mimi iko aje. Nikamwambia, mama, ni ngumu kidogo, lakini ukitafuna bila haraka ina utamu wake. Akachukua kikapu chake. Halafu akasema, 'Twende nyumbani.'"

"Na baba mkwe?"

"Alipata firigisi yake kama kawaida. Lakini kutoka hiyo siku, wageni wakija, mama mkwe alikuwa anachinja kuku wawili."

Niliuliza juu ya mtoto. Akaniambia mzaliwa wake wa kwanza hakukoroma; alilia kama tarumbeta ya Jeshi la Wokovu mpaka majirani wakahamia kwingine kulala.

Nilisimama kutoka kwenye kigoda kama mhubiri. Nikatangaza kwamba jiwe litabaki vilevile. Fundi hakukosea. Nitawaambia kikundi, nitamwambia Mama Mwenyekiti, nikilazimika nitalilalia lile jiwe. Senge aliniacha niishiwe na pumzi, kisha akaurudisha uteo mapajani.

"Hapana. Mwambie arudishe R."

"Senge, hiyo L ni wewe."

"Kula nilipata, mwana. Kura ndio walininyima." Akaanza kuchambua tena. "Ile wakati ya kupiga kura kwa kupanga laini nyuma ya mtu wako, mimi nilikuwa kwa laini. Yetu ilishuka kilima mpaka kwa mto. Ya hao wengine ingetosha benchi moja, na mtu abaki na nafasi ya kuweka kikapu. Wakatangaza ati wao ndio wengi. Niliona na macho yangu. Sasa mkiandika kula peke yake, watasema hawa wamama walikuwa wanataka chakula, na chakula si walipata? Wataenda nyumbani wamefurahi."

Nilimuuliza tu kama basi atakuja.

"Nitakuja kuangalia kama R imerudi. Lakini huyo shosho akiniuliza, sijui. Hayo ya mlangoni sijawahi kumwambia mtu wa mbali. Hata wewe nimekwambia kwa sababu ya kucheka."

Nilimwambia fundi alilete jiwe lilivyo, kikundi kiamue, na Mama Mwenyekiti sikuthubutu kumwambia mapema. Fundi alilileta Kitale kwa pikapu, pamoja na tindo zake, asubuhi ya uzinduzi. Mama Mwenyekiti alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Hii ni nini?"

"Nilikusaidia, mama," akasema fundi.

"Kunisaidia? Mimi nirisema kura. Kura ya kupiga. Sikusema kura ya kukura."

Fundi akanitazama mimi kama shahidi wake. Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi na kitambaa chake kipya. Wengine wa Bungoma wakaanza kusema L ibaki, ina maana, na wakaanza kutaja mama zao na kuku wao, na nikaona tunarudi kwenye ule mkutano wa majina. Nikawaeleza alivyosema Senge, kwamba tukiandika kula peke yake, watu watasema si tulishashiba. Habari ya firigisi sikuitoa. Haikuwa yangu kuitoa.

Mama Mwenyekiti akavaa tena miwani. "Huyo mama yuko wapi?" akauliza. "Aretwe. Ana akiri."

"Lakini L iko na mguu," fundi akasema. "R haina mguu kama huo. Nikichonga kichwa, mguu bado utabaki hapo chini."

"Uzibe na simiti."

Akaziba. Simiti ilikuwa nyeupe kuliko jiwe, kwa hivyo mpaka leo ukisimama mbali kidogo utaona R iliyovaa kiatu kimoja.

Senge alifika watu wakiwa wameshakaa. Hakusalimia mtu. Alienda moja kwa moja kwenye jiwe, akalitafuta lile neno, akapitisha kidole juu ya R kuanzia kichwani mpaka kiatuni. Kisha akageuka kutafuta pa kukaa. Kiti kilichobaki kilikuwa kando ya Shosho. Nilikiacha kwa makusudi, na nilipomwona anakiendea nikajuta.

Mkubwa mmoja wa serikali alikuwa anahutubia. Alikuwa amefika kwenye maendeleo, na maendeleo yake yalikuwa marefu. Shosho, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, hakujua kwamba kuna mtu anazungumza. Alimgeukia Senge, akamkagua kuanzia kilemba mpaka viatu, akauliza kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto:

"Wewe ni wa wapi?"

"Bungoma, mama."

"Ulikuwa msituni?"

"Hapana."

"Walikufunga?"

"Hapana, mama."

"Sasa wewe ulifanya nini?"

Hotuba ikakwama. Watu wa nyuma wakainua shingo. Mimi nilikuwa nimesimama kando na trei ya soda. Senge aliitazama mikono yake. Alitazama jiwe. Nilidhani atasimama aende.

"Nilikula firigisi," akasema.

Shosho akatega sikio. "Ya nani?"

"Ya baba mkwe."

"Yeye akiwa wapi?"

"Hapo mbele yangu. Na wageni wake."

Shosho hakucheka. Yule mwanamke aliyepita mbele ya bunduki na chakula mgongoni akakiweka kiondo chake chini, akamtazama Senge usoni.

"Mimi hiyo singeweza," akasema.

Kisha akavuta kiti chake karibu, akamwambia aanze mwanzo, asiruke kitu. Mkubwa wa serikali akaendelea na maendeleo yake, na safu yote ya mbele ikampa kisogo.